Mzee Jomo Kenyatta, Mwanafunzi Ugenini

Katika toleo hili tunapenda kuwaletea wasomaji wetu habari za maisha ya Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, aliyefariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Wengi wetu tunamkumbuka kwa usinga wake, kofia yake na sauti yake nzito iliyosikika redioni. Lakini leo hatutasema mengi juu ya Ikulu. Tunataka kueleza miaka aliyokaa Uingereza akiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto, akiwa mbali na kwao, na papo hapo akiamua kuingia shule tena.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu tunaliona hapa hapa kwetu. Kila mwaka watu wa Korogwe hupanda basi kwenda Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza kutafuta masomo, na si vijana peke yao. Wapo waliokwisha kufanya kazi miaka kumi, wapo wenye watoto, wameona kwamba elimu waliyo nayo haiwafikishi mbali, wakaamua kuanza upya. Wiki ya kwanza hupiga simu kwa furaha, wakitusimulia maghorofa na magari. Wiki ya tatu sauti imebadilika. Mji ni mkubwa, hakuna anayewajua, jirani hasalimu, na usiku moyo unarudi Korogwe kabla ya mwili. Hapo mtu hujiuliza: nibaki nisome, au nirudi kwetu? Swali hili ni la zamani, na Mzee Kenyatta alikutana nalo.

Alizaliwa Ng'enda, karibu na Gatundu, katika nchi ya Wakikuyu, katika miaka ya 1890. Mwaka wenyewe haukuandikwa, kama ilivyokuwa kwa babu zetu wengi. Aliitwa Kamau. Baba yake alikuwa Muigai na mama yake Wambui. Twamwomba msomaji ayashike majina haya mawili, maana tutayarudia. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na mama akarithiwa na Ngengi, ndugu wa marehemu, kama desturi ilivyokuwa. Baadaye mama naye akafariki. Kamau akaenda kukaa kwa babu yake, Kungu wa Magana, aliyekuwa mganga. Basi tangu utotoni alijua maana ya kuondoka nyumbani.

Mwezi wa Novemba 1909 aliingia Misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto, karibu na Nairobi. Hapo alijifunza kusoma na kuandika, na pia kazi ya useremala. Agosti 1914 alibatizwa, akaitwa Johnstone. Shule yake ilikomea pale. Kwa kipimo cha siku hizi ilikuwa elimu ya msingi tu, lakini kwa siku zile ilitosha kumpatia mtu kazi ya mshahara mjini. Akawa karani wa stoo na msoma mita katika idara ya maji ya manispaa ya Nairobi. Alimwoa Grace Wahu, na mwaka 1920 wakapata mtoto wa kiume, Peter Muigai. Alikuwa pia na duka lake huko Dagoretti. Kwa macho ya watu wa wakati ule, huyu alikuwa mtu aliyekwisha kufika.

Lakini Wakikuyu walikuwa na kilio cha ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi yao ilikuwa imechukuliwa na walowezi. Mwaka 1928 Kenyatta aliacha kazi yake ya manispaa akawa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association, na mhariri wa gazeti la chama lililoitwa Muigwithania. Mwaka huohuo Mama Wahu alijifungua mtoto wa kike, Margaret Wambui. Chama kikaamua kumtuma katibu wake London, apeleke malalamiko kwa serikali ya Uingereza yenyewe. Tarehe 17 Februari 1929 akapanda meli Mombasa, akamwacha mwanawe wa kike akiwa bado mchanga.

Safari ile ya kwanza ilichukua mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alipata kuandika barua katika gazeti la The Times, na alitembea nchi nyingine za Ulaya hata Urusi, lakini fedha zilimwishia na mlango mkuu alioutaka haukufunguka. Kiingereza chake, kilichomfaa katika stoo ya manispaa, hakikuwa cha kusimama nacho mbele ya mawaziri. Alirudi Mombasa Septemba 1930, akakuta nyumbani kuna ugomvi mkali kati ya misheni na waumini juu ya tohara ya wasichana. Hakukaa hata mwaka. Mwezi Mei 1931 chama kilimtuma tena, safari hii pamoja na mwalimu Parmenas Mockerie.

Hapa habari zetu zinakutana na habari za kwetu. Mwaka ule wa 1931 Bunge la Uingereza lilikuwa na kamati iliyochunguza kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Mashahidi Waafrika waliitwa London. Kutoka Tanganyika walikwenda watatu: Mtemi Makwaia wa Shinyanga, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba, Mbondei wetu, mwanafunzi wa zamani wa Kiungani, aliyekuwa karani mkuu wa ofisi ya serikali Tanga. Kutoka Kenya aliitwa Chifu Koinange na wenzake wawili. Hawa wote walitumwa na serikali zao, wakasikilizwa. Kenyatta na Mockerie walitumwa na chama tu. Hawakuitwa mbele ya kamati, wakaishia kupeleka maandishi yao.

Kayamba alitoa ushahidi wake, akatembezwa mjini, akarudi nyumbani, na habari za safari ile akaziandika kwa Kiswahili katika kitabu kilichotolewa mwaka 1932, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Ni kitabu cha mgeni anayejua siku yake ya kurudi. Mgeni wa namna hiyo huweza kufurahia kila kitu, hata baridi, kwa kuwa tiketi iko mfukoni. Kenyatta alikuwa katika mji uleule, katika mwaka uleule, lakini hali yake ilikuwa nyingine. Kazi aliyotumwa haikufanikiwa, wala siku ya kurudi hakuijua.

Mbele yake zilikuwapo njia mbili. Ya kwanza ni kurudi kwa Mama Wahu na watoto, na kuwaambia wazee waliochanga fedha kwamba amerudi mikono mitupu. Ya pili ni kubaki na kusoma. Tukumbuke kwamba hakuwa tena kijana. Alikuwa amekaribia miaka arobaini. Katika umri ule mtu huona haya kukaa dawatini na kuulizwa maswali na mwalimu. Nasi tuliofundisha katika chuo cha ualimu tumewaona watu wazima waliorudi darasani. Kitu kinachowasumbua kwanza si hesabu wala sarufi, ni ile haya. Kenyatta alichagua kubaki.

Aliingia chuo cha Woodbrooke huko Selly Oak, Birmingham, chuo cha Waquaker, yaani Jamii ya Marafiki. Alikaa hapo tangu mwisho wa 1931 hadi 1932, na jambo kubwa alilopata ni Kiingereza. Kisha alikwenda Moscow akasoma karibu mwaka mmoja, akarudi London mwaka 1933. Tangu hapo alipanga katika nyumba namba 95, Cambridge Street, mtaa wa Pimlico. Leo ukutani pa nyumba ile pana kibao kinachosema kwamba aliishi hapo. Wapitao hukisoma kwa heshima. Lakini mpangaji mwenyewe, wakati ule, mara nyingi alidaiwa kodi. Fedha za chama zilifika mara moja moja, na mara nyingine hazikufika kabisa. Mwaka 1934 alipata vibarua katika filamu moja pamoja na mwimbaji Mmarekani mweusi, Paul Robeson, akiigiza miongoni mwa machifu wa Kiafrika. Mtu aliyekuja kudai haki za Waafrika akapata chakula cha siku kwa kuvaa mavazi ya Mwafrika wa kubuniwa na wenye filamu. Njaa ya ugenini haichagui kazi.

Sasa tuone alivyosoma. Kwanza alipata kazi katika Chuo Kikuu cha London, idara ya matamshi ya lugha. Bibi Lilias Armstrong alikuwa akichunguza sauti na toni za Kikikuyu, naye Kenyatta akawa msemaji wake: anatamka neno, mtaalamu anaandika. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1940, baada ya bibi yule kufariki. Fikirini, wasomaji wetu, mtu anayekaa chumbani London, mvua ya baridi inanyesha nje, kazi yake ni kutamka kwa makini maneno ya mama yake, moja baada ya jingine, ili mgeni ayasikie. Kazi ile ilimrudisha nyumbani kila siku, kisha ikamwacha palepale Pimlico.

Baadaye aliingia chuo cha London School of Economics, katika darasa la Profesa Bronislaw Malinowski. Huyu alikuwa Mpoland, naye pia mgeni katika nchi ile, na sifa yake ilikuwa kubwa katika elimu ya mila na maisha ya watu. Kenyatta hakuwa na shahada yoyote, lakini alikubaliwa kusoma masomo ya juu ya somo hilo. Darasani walikaa watu wa kila aina. Mmoja wao alikuwa Elspeth Huxley, mwandishi, aliyelelewa Kenya katika shamba la walowezi karibu na Thika. Basi binti wa walowezi na katibu wa chama cha waliolalamikia ardhi walikaa chumba kimoja wakimsikiliza mwalimu mmoja.

Katika darasa hilo desturi ilikuwa kila mmoja kuleta habari za watu aliowachunguza. Wengine walisafiri mbali sana, wakakaa na watu wageni, wakajifunza lugha yao ndipo wakapata la kusema. Kenyatta hakuhitaji kusafiri. Aliulizwa juu ya mambo aliyokua nayo: ardhi inarithiwa vipi, nyumba inajengwaje, mtoto anafundishwa nini na bibi yake, wazee wanaamuaje kesi, mahari inapelekwa na nani. Yale yote aliyoyakumbuka usiku kwa huzuni, mchana yakawa somo lake. Hapa ndipo tunapoona jambo kuu la maisha yake ya ugenini. Hamu ya kwao haikumwacha, wala hakujaribu kuizika. Aliipa kazi ya kufanya.

Mwaka 1938 kazi hiyo ikatoka kuwa kitabu, kwa jina Facing Mount Kenya. Maana ya jina ni kuuelekea Mlima Kenya, kama walivyofanya wazee wa Kikuyu waliposali, wakiinua mikono kuelekea mlima ule waliouita Kirinyaga. Toka London mlima hauonekani, lakini mwandishi alijua upande uliko. Ndani ya kitabu mna habari za mashamba na mipaka yake, za uhunzi, ufinyanzi na ususi wa vikapu, za mafundisho ya watoto, za ndoa, za baraza la wazee. Mna habari za ujenzi wa nyumba, jinsi ndugu na majirani wanavyokusanyika, wanaume kwa kazi yao na wanawake kwa yao, ili nyumba ianze na kumalizika kwa siku moja. Mtu anayedaiwa kodi ya chumba kimoja aliandika juu ya nchi ambamo majirani humjengea mtu nyumba kabla ya jua kuchwa. Wataalamu wamebishana juu ya kitabu hiki. Wapo wasemao kwamba amezisifu mno siku za kale, na hasa utetezi wake wa tohara ya wasichana sisi leo hatuwezi kuufuata, tukijua madhara yake. Lakini kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya aina hiyo kuandikwa na Mwafrika juu ya watu wake mwenyewe.

Kwenye jalada hakuandika tena Johnstone. Aliandika Jomo. Na katika ukurasa wa mwanzo alikitoa kitabu kwa heshima ya Muigai na Wambui, na kwa vijana wa Afrika walionyang'anywa mali yao. Tuliomba msomaji ayashike majina hayo. Muigai na Wambui ndio baba na mama waliomzaa na kufariki akiwa mdogo. Lakini Muigai na Wambui ndio pia watoto wake wawili aliowaacha nyumbani, kwa kuwa Wakikuyu, kama makabila mengi yetu, humwita mtoto kwa jina la mzee wake. Kwa maneno machache aliwataja waliomtangulia na wanaomfuata, wote akiwa mbali nao.

Wakati kitabu kilipotoka, Muigai alikuwa na miaka kumi na minane hivi, na Wambui kumi. Binti huyo hakumjua baba yake ila kwa jina. Na Mama Wahu? Vitabu vingi juu ya Mzee Kenyatta humtaja kwa mstari mmoja au miwili, kisha vikaendelea na mikutano ya London. Sisi twaona mstari mmoja hautoshi. Ikiwa mume alilipa kwa upweke na kodi ya Pimlico, mke alilipa kwa kulea peke yake, msimu kwa msimu, akingoja barua. Masomo ya mtu mzima hulipwa na watu zaidi ya mmoja, na mara nyingi anayelipa zaidi si yule anayepata cheti.

Mwaka 1939 Vita Kuu ya Pili ilianza, na njia ya kurudi ikafungwa. Mwaka 1940 serikali ya Kenya ikakipiga marufuku chama kilichomtuma. Kenyatta akahamia kijiji cha Storrington, katika jimbo la Sussex, akafanya kazi ya shamba na kutoa mihadhara kwa watu wazima na askari. Mtu wa shamba alipata tena udongo mikononi, ingawa haukuwa udongo wa Gatundu. Mwezi Mei 1942 alimwoa Bibi Edna Clarke, mwalimu wa watoto, ambaye wazazi wake waliuawa na mabomu mwaka mmoja nyuma. Agosti 1943 wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Peter Magana, na jina la Magana ni la ukoo wa babu yule mganga. Hata katika kijiji cha Uingereza alimtia mtoto jina la kwao. Hatuandiki haya kwa kumhukumu wala kwa kumsifu. Tunayaandika kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Miaka mingi ya ugenini huotesha mizizi, hata pale mtu asipokusudia.

Baada ya vita, Oktoba 1945, alishiriki katika mkutano mkubwa wa Waafrika uliofanyika Manchester, pamoja na Kwame Nkrumah na wengine. Septemba 1946 akapanda meli kurudi. Bibi Edna na mtoto wakabaki Uingereza. Alipokanyaga Mombasa ilikuwa imepita miaka kumi na mitano tangu safari ya pili. Muigai alikuwa mtu mzima, na Wambui msichana wa miaka kumi na minane. Mara ngapi tunasema kwamba fulani amerudi, kana kwamba kurudi ni kushuka chomboni? Aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka, na nyumba aliyoirudia haikuwa ile aliyoiacha.

Na elimu ile ilifanya nini? Watu husema upesi kwamba ilimfanya Rais. Lakini kabla ya siasa kumchukua kabisa, jambo alilolishika ni shule. Huko Githunguri kilikuwapo chuo cha ualimu kilichofunguliwa mwaka 1939 na Peter Mbiyu Koinange, mwana wa yule Chifu Koinange aliyekwenda London. Chuo kilijengwa kwa michango ya wananchi wenyewe ili kupata walimu wa shule zao za kujitegemea. Mzee Kenyatta akawa mkuu wake. Alizitumia rika za Kikuyu, zile ambazo alikuwa ameziandika katika kitabu, kuchangisha fedha za majengo, kila rika likishindana na jenzake. Kwa hiyo yale aliyoyaeleza London kama somo aliyarudisha kwao yakawa matofali. Sisi walimu hatuwezi kulipita jambo hili bila kusimama. Aliyeona haya ya kurudi shule alipofika nyumbani aliwafungulia wengine mlango wa shule.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa Kenya, naye akakamatwa usiku ule. Chuo cha Githunguri na shule nyingi za kujitegemea zilifungwa na serikali. Alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953, akafungwa Lokitaung, kisha akawekwa Lodwar na Maralal, hata Agosti 1961 alipoachiliwa. Akawa Waziri Mkuu mwaka 1963, na Rais tangu tarehe 12 Desemba 1964 hadi kufa kwake. Katika sherehe za uhuru, Desemba 1963, Bibi Edna alialikwa Nairobi, na Mama Wahu alikuwapo. Margaret Wambui, yule mtoto mchanga wa mwaka 1929, alikuja kuwa Meya wa Nairobi mwaka 1970, jiji ambalo baba yake alikuwa akilisomea mita za maji. Utawala wa Mzee una mambo ambayo Wakenya wenyewe wanayabisha hata leo, hasa juu ya ardhi ileile aliyoipigania na jinsi ilivyogawanywa. Sisi si wa kuyakata mashauri hayo katika kurasa chache za gazeti la parokia.

Tunalotaka kuliacha kwa wasomaji wetu ni hili. Mtu aliyeko mji mgeni akiwaza kurudi shule, akiona moyo unamvuta kwao, asidhani kwamba mvuto huo ni dalili ya kukosea njia. Mtu ni kwao. Hamu ya nyumbani si ugonjwa wa kuponywa kwa kurudi haraka, wala si udhaifu wa kuficha. Aliye na hamu hiyo ana mali aliyokuja nayo, na shule nzuri humwezesha kuitumia. Mkulima wa Mombo anayerudi kusoma kilimo anaijua mvua ya Mombo kuliko mwalimu wake. Mkunga anayerudi kusoma uuguzi amepokea watoto wengi kabla ya kufungua kitabu. Aseme anayoyajua darasani, wala asione haya.

Lakini maisha haya yanatufundisha pia upande wa pili, nao ni mgumu zaidi. Hamu iliyogeuzwa kuwa kitabu ilimfaa Kenyatta na ilifaa nchi, lakini haikumlea Wambui. Kitabu kilibeba jina lake, ila hakikumbeba yeye. Kwa hiyo anayekwenda na aweke siku ya kurudi, hata kama ni ya likizo tu, na watoto waijue. Apige simu hata siku ambayo hana fedha za kutuma. Siku ile hasa ndiyo wanayohitaji kumsikia. Na wale wanaobaki wasihesabiwe kama watu wa kungoja tu. Mke anayelea, mume anayelea, bibi aliyeachiwa wajukuu, hao nao wamo katika masomo hayo, na siku ya cheti wakae mbele.

Nasi waparokia tunayo sehemu yetu. Katika jumuiya zetu tunajua ni nani aliyekwenda kusoma na ni nyumba ipi imebaki na mtu mmoja. Tusingoje arudi na shahada ndipo tumwandalie sherehe. Tumsalimu sasa, tumpe habari za nyumbani hata zile ndogo, nani amevuna, nani amejifungua, daraja limetengenezwa au bado. Kisha tupite nyumbani kwake kuwajulia hali waliobaki, tuwasaidie palizi, tuwaulize watoto juu ya daftari zao. Mzee Kenyatta aliandika kutoka mbali juu ya majirani wanaomjengea mtu nyumba kwa siku moja. Sisi hatuko mbali, tunaweza kulifanya.